Mizunguko Mitatu ya Waya

Redio ililetwa Jumatatu asubuhi, imeviringishwa kwenye shuka kuukuu, na aliyeileta alikuwa muuguzi aliyetoka zamu, macho mekundu na viatu vyeupe. Aliitua mezani kwa kishindo, akashusha pumzi, akasema, "Wenzangu wanarithi mashamba. Mimi narithi mizigo."

Fundi alicheka kidogo, akafunua shuka. Watu walimwita Hakika, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na bwana mmoja aliyemfundisha kazi, sasa marehemu, kwa sababu kila alipoulizwa jambo jibu lake lilikuwa hilohilo. Mvua itanyesha leo? Hakika. Hii spika imekufa? Hakika, na hata mita ya kupimia hajaigusa. Kilichowaudhi watu ni kwamba mara tisa kwa kumi alikuwa sahihi, na ile mara ya kumi hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumbishia.

Kazi yake ilikuwa redio za taa, zile kubwa za mbao zenye kioo cha stesheni mbele na taa za vioo ndani, ambazo ukiwasha lazima usubiri zipate moto kabla hazijasema neno. Mji mzima ulikuwa umeshazitupa. Watu wanasikiliza habari kwenye simu, na simu ikiharibika wananunua nyingine. Waliobaki kumletea ni wenye hoteli wanaotaka pambo la mapokezi, wazee wakaidi, na warithi kama huyu. Chumba chake kilikuwa kimoja, dirisha moja, rafu tatu zilizopinda kwa uzito, na harufu ya lehemu iliyoganda hadi kwenye dari. Alikuwa hana shida na maisha hayo.

"Ya nani?" akauliza.

"Ya marehemu baba. Imelala stoo miaka thelathini na moja. Baba alikuwa hatupi kitu, hata mswaki ukiisha meno aliuhamishia kwenye viatu. Lakini hii hakutaka kuitupa wala kuiona. Ilituunguza."

Mkono wa fundi ulisimama juu ya mbao.

"Mama alikuwa anapika, mara anasikia harufu," muuguzi akaendelea. "Anaingia sebuleni, redio inatoa moshi, pazia linawaka. Akalivuta kwa mkono. Kidole chake cha mwisho hakinyooki mpaka leo. Baba akamwita fundi wa umeme wa mtaani, akaifungua palepale, akakuta fyuzi imeruka zamani na mtu ameunga waya mahali pake. Redio ikapata moto, na hakuna kitu cha kuukata umeme. Sasa baba hayupo, nyumba kimya, na mama anaitaka redio yake. Ila ametoa sharti moja tu."

"Sharti gani?"

"Asipewe yule aliyetuunguza. Ilitengenezwa kwenye ile karakana ya zamani nyuma ya soko, ya mafundi wawili mashemeji. Baba hakututajia jina, kwa hiyo sisi hatujui alikuwa yupi kati yao."

Hakika alikuwa anajua. Alisema, bila hata kumeza mate, "Mimi ni mmoja wao. Aliyewaunguza ni yule mwingine, na aliiacha kazi hii siku ileile. Hajashika pasi ya lehemu tena. Mwambie mama alale usingizi."

"Una uhakika?"

"Hakika."

Muuguzi akapiga miayo, akasema atarudi Jumamosi, akaenda zake kulala.

Sasa, yule mwingine tumjue. Wakati huo alikuwa kijana mwembamba mwenye mikono myepesi, na bwana wao alimwita Chapuchapu. Alikuwa anaweza kumaliza redio mbili wakati Hakika bado anafuta vumbi kwenye ya kwanza. Walikaa meza moja miaka saba, wakachangia koleo na kikombe, mpaka Chapuchapu akamwoa dada mdogo wa Hakika, na Hakika mwenyewe ndiye aliyeipigania posa ile mpaka ikakubaliwa. Katika kazi walitofautiana kwa jambo moja ambalo kila fundi wa mji ule alilijua. Kabla ya kulehemu, fundi huuviringisha waya kwenye sikio la chuma ili ushike. Chapuchapu aliuzungusha mara moja, akatia lehemu, akaendelea. Hakika aliuzungusha mara tatu, kisha akaubana kwa koleo mpaka ukalala bapa. Bwana wao aliwacheka wote wawili. "Huyu anafunga kama mtu aliyewahi kutorokwa na mbuzi," alisema, "na huyu anafunga kama mtu atakayekuja kufungua kesho asubuhi." Mafundi wengine walikuwa wanamlaani Hakika, maana kuifungua kazi yake ilikuwa adhabu. Hakuna aliyemwiga. Nani ana muda?

Kisha ikatokea kazi ya pazia. Mwenye redio alikuja karakanani amefura, bila redio, akasema hataki hata kuiona ikirudi pale, ameleta maneno tu. Kitabu cha risiti cha karakana kilikuwa na jina la Chapuchapu. Bwana wao akawasimamisha wote wawili mbele ya meza. Chapuchapu alisema hakumbuki kuweka waya, ila aliyeifunga redio ni yeye, hilo halikatai. Hakika akaulizwa. Akasema, "Mimi siungi fyuzi kwa waya. Hakika." Akaulizwa mara ya pili, akajibu vilevile. Basi. Neno la mtu asiyekosea lilitosha, na Chapuchapu akakabidhi koleo lake kabla ya saa sita mchana.

Dada alimwendea kaka yake siku ileile. Hakumwomba aseme uongo. Alimwomba aseme tu kwamba lolote laweza kutokea, kwamba meza ilikuwa ya wawili. Hakika akamwambia hawezi kusema asichokijua. Tangu hapo walikutana misibani na harusini, salamu za mkono, wajomba na wapwa wakitazamana kama wageni. Hakika alisikitika, lakini alilala vizuri. Mtu aliyesema kweli ana haki ya usingizi wake, ndivyo alivyojiambia.

Jumanne asubuhi aliifungua redio. Alitoa vifundo vya mbele, akaivuta chasisi, yaani lile bamba la chuma linalobeba taa zote na transfoma, akaipindua chini juu. Vumbi, mayai ya mende, na nta iliyoyeyuka ikatiririka na kuganda. Harufu ya kuungua ilikuwa bado imo, miaka thelathini na moja, kama vile ilikuwa inasubiri mtu wa kuifungulia. Akapuliza. Akaona kishikio cha fyuzi, na juu yake kipande cha waya wa shaba, kifupi kama kidole, kimekuwa cheusi.

"Haya, Chapuchapu," alisema kwa sauti, "kazi yako hii hapa." Akachukua koleo aukate.

Ndipo alipouona vizuri. Upande wa kushoto ule waya ulikuwa umezungushwa kwenye sikio la chuma mara moja, mara mbili, mara tatu, ukabanwa kwa koleo mpaka ukalala bapa. Akageuza chasisi kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa kulia, vilevile.

Alikaa. Jambo la kwanza alilofanya ni kutafuta mtu mwingine wa kumtwisha, maana binadamu ndivyo tulivyo. Labda yule fundi wa umeme wa mtaani. Lakini yule alikuwa mtu wa nyaya za nyumba, alikuta waya, hakuuweka. Labda Chapuchapu siku hiyo alimwiga kwa utani. Chapuchapu, azungushe mara tatu? Heri ungemwambia afunge ndoa ya pili.

Na hapo, bila kuitwa, siku ile ikarudi. Alikuwa na homa. Meno yalikuwa yanagongana, redio sita zimepangwa mezani, na droo ya fyuzi ilikuwa tupu, imebaki na mdudu mmoja tu, nondo mfu. Akasema ngoja nijaribu tu kwa waya, nione kama inasema, nitaweka fyuzi zikija. Aliuzungusha kama alivyozoea, akaubana. Redio ikasema. Akaizima, akamwambia Chapuchapu, "Hii iko sawa," akaenda nyumbani akalala siku nne hajui usiku wala mchana. Aliporudi, redio sita zilikuwa zimeshachukuliwa na homa ilikuwa imeifuta siku nzima kichwani mwake, safi, kama ubao wa darasani.

Hakuwa amesema uongo. Hilo alilishika kwa mikono miwili: hakuwa amesema uongo. Alisema alichokiamini. Lakini aliona aibu, tena si ile aibu ya kuogopa watu watasema nini. Ilikuwa ile ya mtu kujijua. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa hajaliona kwa miaka thelathini na moja huku akiwaonyesha wengine ya kwao.

Debe la taka lilikuwa karibu na mguu wake. Kipande cha waya, kifupi kama kidole. Kata hapa, kata pale, dondosha. Jumamosi muuguzi angechukua redio inayoimba, mama mtu angelala usingizi, na Chapuchapu angebaki alipo, maana alishazoea. Na isitoshe, akajiambia, yeye pia alifunga redio bila kutazama chini. Fundi gani anafunga bila kutazama? Hoja hiyo ilikuwa ya kweli, na alijua kabisa kwamba anaipenda kwa sababu inamfaa.

Koleo lilikaa mkononi mwake hadi kiganja kikatoa jasho. Kisha akaliweka chini, akaifunika redio kwa ile shuka, akachukua kazi nyingine.

Ile kazi nyingine aliiharibu. Jumatano akaharibu ya pili, akachomeka taa mahali si pake, akaunguza kidole. Nyumbani mkewe alimuuliza mara mbili kama ana homa. Alisema hapana. Alipoulizwa mara ya tatu akasema, "Ninayo, lakini ya zamani," na mkewe akamtazama kama mtu anayehesabu siku za kumpeleka hospitali.

Alhamisi aliamua kukata jongoo kwa meno. Alifunga duka, akaita teksi, akaipakia redio kama ilivyo, chasisi peke yake, sanduku la mbao peke yake, waya mahali pake. Akachukua na mfuko wa zana, ingawa hakujua wa kazi gani.

Dada alikuwa kwenye cherehani yake, mlangoni penye mwanga, kanga imefungwa kiunoni, pini mdomoni. Alimwona kaka yake anashuka na mzigo. Akatoa pini moja moja, hana haraka.

"Leo jua limechomozea wapi?" akasema. "Karibu, kaka. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi nani anaoa?"

"Dada, niruhusu niingie. Huu mzigo mzito."

Akamruhusu. Sebule ilikuwa safi, viti vinne, meza moja, dirisha lenye pazia la maua makubwa lililopaukia jua. Kishikio cha balbu kilikuwa kinaning'inia darini kwa waya mmoja, na balbu yenyewe haimo. Hakika, kwa mazoea, alikitazama.

"Usikitazame hivyo," dada akasema. "Jirani ameahidi kuja Jumapili. Ndiye anayetubadilishia hata plagi ya pasi."

"Na mumeo je?"

"Mume wangu hagusi waya. Kule anakopima unga kwenye mizani, mashine ya kusaga ikiharibika anatoka nje mpaka wamalize. Hukuwa unajua? Utajuaje." Akarudi kwenye cherehani na kuikanyaga kwa nguvu kuliko nguo ilivyohitaji.

Chapuchapu alikuja mchana kula, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amenenepa kidogo na kupunguza mwendo. Alimpa shemeji yake mkono, akamuuliza habari za nyumbani, akaketi. Kisha akaiona redio mezani, na Hakika akaona kitu ambacho hakukitarajia. Mikono ya Chapuchapu ilirudi nyuma yenyewe, ikajificha mgongoni.

"Ndiyo yenyewe?" Chapuchapu akauliza.

"Ndiyo yenyewe. Binti yao ameileta. Shemeji, nakuomba utazame kishikio cha fyuzi."

"Sigusi."

"Usiguse. Tazama tu."

Chapuchapu aliazima miwani ya mkewe, ile ya kutungia uzi, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu. Unga ukadondoka kutoka kwenye nyusi zake mpaka juu ya chasisi, na hakuufuta. Mwisho akasema, polepole, "Tatu."

"Na upande wa pili."

Akasogea. "Tatu."

Cherehani ikanyamaza. "Tatu nini?" dada akauliza. "Semeni na mimi nisikie, nyumba ni yangu."

"Mizunguko," Hakika akasema. "Waya umezungushwa mara tatu na kubanwa. Ni mkono wangu. Mumeo alikuwa anazungusha mara moja."

Dada alikuwa fundi wa nguo kwa zaidi ya miaka thelathini. Mtu haji kumweleza kwamba kila fundi ana mshono wake. Akasimama, akaja, akainama karibu, akaipapasa mizunguko kwa ncha ya kidole. "Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi. Nilikuwa na homa. Nilisahau, wallahi nilisahau, lakini ni mimi."

Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Njiani alikuwa ameyapanga hata majibu yake, au kunyamaza kwake. Chapuchapu akavua miwani, akaifuta kwa shati lenye unga, ikazidi kuchafuka.

"Siku ile nilikumbuka vizuri kwamba sikuweka waya," akasema. Hakupandisha sauti. "Nilikuwa nakumbuka kabisa, shemeji. Mbele ya bwana nilisema sikumbuki kwa heshima tu, nisionekane nakusukumia wewe. Kisha ukasema hakika. Na wewe hukuwahi kukosea. Nikaenda nyumbani nikafikiri. Kesho yake nikafikiri. Nikasema, kama si yeye, basi ni mimi, hakuna wa tatu. Baada ya miezi nikaanza kujiona nauweka. Nauona mpaka rangi yake, naona kidole changu hiki kinaubonyeza. Mpaka leo asubuhi nilikuwa nauona."

Hakika akavuta kiti, akaketi.

"Aliniamsha siku moja," dada akasema, "akaniambia, mke wangu, ni kweli nilifanya, nilikuwa naharakisha. Nikamwambia afadhali umesema. Mimi! Nikamwambia afadhali umesema!" Akaushika ukingo wa meza. "Nilikuchukia kwa sababu hukumtetea, kaka. Sikukuchukia kwa sababu alionewa. Sikujua kama kuna kuonewa."

"Nilifunga bila kutazama," Chapuchapu akasema. "Hilo langu."

"Nyamaza wewe," mkewe akamwambia. "Leo usibebe cha mtu."

Akaenda dirishani, akapanda kigoda, akalishusha lile pazia la maua, pete moja baada ya nyingine. Mwanga wa mchana ukaingia wote kwa mkupuo, ukaonyesha vumbi lililokuwa linaelea. Alilikunja mara nne kwa ustadi, kingo na kingo, akalibeba hadi kwa kaka yake.

"Unalijua hili?"

"Hapana."

"Nililishona mimi. Tulinunua kitambaa tukiwa hatuna hata cha kununua sabuni. Mume wangu akalipeleka kwa yule mama kumwomba radhi, badala ya lile lililoungua. Akafukuzwa langoni, akarudi nalo. Nikalitundika hapa, maana kitambaa ni kitambaa." Akamwekea mikononi. "Chukua. Hili lilikuwa lako kulipeleka."

Hakika alilishika. Lilikuwa jepesi, limechakaa katikati ambapo jua lilipiga zaidi, na pindo lake la chini lilikuwa bado limenyooka. Machozi yalimtoka. Tusimpambie: hayakuwa mengi, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Alipotaka kuifunga redio aondoke nayo, Chapuchapu akasema, "Iache."

"Nimeahidi Jumamosi."

"Iache. Pasi ya lehemu umekuja nayo?"

Hakika akaelekeza mfuko wa zana. Chapuchapu akanyoosha mikono yake, akaitazama kama vile ameikopa mahali. Akachukua koleo, akajaribu kulifungua na kulifumba mara mbili tatu. Kisha akauendea ule waya mweusi na kuanza kuufungua, ncha kwa ncha. Haukufunguka. Akavuta, akasokota, jasho likachanganyika na unga.

"Lo! Mizunguko yako hii, shemeji," akasema. "Mtu alikuibia mbuzi wangapi?"

Dada alicheka, na kicheko chenyewe kikamshtua. Hakika hakuthubutu kucheka. Aliona wazi kwamba shemeji yake anashika koleo vibaya, ameshika juu mno, na yeye aliyewahi kumsahihisha kila mtu alifunga mdomo wake, akangoja mpaka waya ukatoka.

Jumamosi muuguzi alikuja kama alivyosema. Akaikuta meza tupu.

"Redio iko wapi?"

"Iko kwa shemeji yangu. Anabadilisha transfoma na kapasita zote, itachukua siku kadhaa. Kaa, mwanangu."

"Shemeji yako si ndiye yule aliyetuunguza? Sharti la mama..."

"Sharti la mama halijavunjwa. Aliyewaunguza ni mimi." Akamweleza yote, homa, nondo, waya, mizunguko mitatu, neno alilolisema mara mbili mbele ya bwana wao, na tena mbele yake yeye Jumatatu, hapahapa.

Muuguzi alisikiliza kwa uso wa kazini, ule wa kumsikiliza mgonjwa bila kumwonyesha chochote. Mwisho akasema, "Nilikuwa mdogo, lakini namkumbuka yule mtu langoni. Baba anafoka, na yeye amekumbatia kitambaa cha maua. Mama hajawahi kumwita kwa jina lingine. Husema 'yule wa pazia'. Huyo ndiye ambaye mama alisema asipewe redio." Akanyanyua pochi yake. "Mimi simwambii haya. Twende ukamwambie mwenyewe."

Hakika akalitoa lile pazia kwenye rafu, akaliweka kwapani, akafunga duka.

Haikuwa mbali, mitaa miwili na kona. Lango lilikuwa la mabati, limepakwa rangi upya mara nyingi hadi rangi imekuwa nene kuliko bati. Muuguzi alikuwa na ufunguo, lakini hakuutumia. Akasimama pembeni, akamwacha abishe mwenyewe. Akabisha. Ndani zikasikika kandambili zikija polepole, na komeo likavutwa na mkono wenye kidole cha mwisho kilichopinda.

Yule mama hakumtazama usoni. Alitazama kwapani mwake, akayaona maua yaliyopauka.

"Nilimwambia mume wangu miaka yote," akasema, "kwamba ulikuja kwa adabu, na sisi tukakufukuza kama mbwa. Sikutaka uishike redio yangu, naogopa. Lakini radhi nilikuwa nimeshakupa zamani. Leta hilo pazia, mwanangu. Yamekwisha."

Akanyoosha mikono yote miwili kulipokea. Radhi ile hapo, imeiva, bure, na aliyekosewa alikuwa na furaha ya kuitoa. Muuguzi alitazama chini.

Hakika hakuliachia pazia.

"Mama, aliyekuja siku ile si mimi," akasema. "Yule hakuwakosea kitu, na hiyo radhi uliyompa si ya kunipa mimi. Mimi ndiye niliyewaunguza, na ndiyo kwanza nakuja."